Raundi Mbili kwa Heshima ya Funga

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwepesi tangu utotoni. Sijisifu, umri wa kujisifu umenipita, na mkono wenyewe siku hizi unahangaika hata na kifungo cha shati. Nautaja kwa sababu ndio uliofanya mwalimu anichague mimi na kumwacha mwenzangu, na habari ya mwenzangu ndiyo ninayotaka kuiandika.

Niliingia klabu ya ngumi mwaka niliomaliza kidato cha nne. Klabu ilikuwa katika ukumbi wa bati pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja: ulingo wa mbao uliolia kila ukikanyagwa, gunia la mchanga na pumba likining'inia kwenye boriti, na jozi nne za glavu kwa watu kumi na watano. Mwalimu alikuwa mzee aliyejifunza ngumi jeshini enzi za mkoloni, na mchana alikuwa mlinzi wa ukumbi huohuo. Siku ya kwanza alinivalisha glavu akasema nimpige kifuani, aone. Nilimpiga kabla hajafunga mdomo. Aliyumba, akacheka, akawageukia wengine.

"Huyu hafundishwi," alisema. "Huyu anakumbushwa tu."

Maneno yale niliyaamini kwa muda wa miaka mitatu. Wenzangu waliruka kamba, mimi nikiwa nimeketi dirishani nawatania. Wao walipiga gunia hadi vidole vinachubuka, mimi nikipiga mara kumi, kumi na tano, kisha nakwenda kunywa maji. Tukiingia ulingoni nilikuwa nawaona wanavyotaka kupiga kabla hawajapiga. Sijui nilikuwa naona nini, bega au jicho, lakini nilikuwa naona. Baba alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemen, na duka lake la kahawa na viungo lilikuwa mtaa wa tatu kutoka soko la Kariakoo. Kwa ajili hiyo klabuni waliniita Sheikh, kwa utani, maana msikitini nilikuwa mgeni zaidi kuliko mwenyeji.

Mwenzangu wa uzito mmoja alikuwa mtu wa kusini, Mkristo, amenizidi mwaka mmoja au miwili. Alikuwa kuli. Kipaji hakuwa nacho hata chembe. Nyayo zake zilikuwa bapa, akitembea ulingoni mbao zinalia mara mbili, na ngumi zake alizirusha kama mtu anayetwanga mpunga, moja, kisha nyingine, palepale ilipotua ya kwanza. Mimi nilikuwa nampiga nikizungumza na watu walio nje ya kamba. Hakukasirika. Akitoka damu puani alisema, "Leo Sheikh amekunywa kahawa chungu," akaenda kunawa, akarudi kuruka kamba.

Lakini alikuwa na pumzi. Kila alfajiri alikimbia kutoka chumba alichopanga na wenzake wanne nyuma ya soko, akakatiza Mnazi Mmoja, akapita Posta mpaka geti la bandari, mahali walipokuwa wanaitwa vibarua wa siku. Waliotangulia kufika walikuwa na bahati zaidi. Asipoitwa, alirudi mbio Kariakoo kabla malori ya mihogo na ndizi hayajaanza kushushwa, akabeba huko hadi adhuhuri. Jioni alikuja klabuni. Nilimwona akipiga gunia nusu saa bila kusimama huku anahadithia habari za winchi iliyokatika bandarini, na sauti yake haikutetereka.

Miaka ile serikali ilitaka kila mtu wa mjini awe na kazi inayojulikana. Asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, na mgambo wakimkuta walimpakia kwenye lori akarudishwe kwao kulima. Mtu mwenye duka kama baba hakusumbuliwa, wala mwanawe. Kuli wa kutwa alisumbuliwa, hata kama mgongo wake ulikuwa na sugu, kwa sababu sugu si karatasi. Mwenzangu alikuwa amekamatwa mara mbili. Mara zote mbili balozi wa nyumba kumi alikwenda kumwombea, na mara ya pili alimwambia kwamba ya tatu asimtegemee, yeye pia ana watoto.

Basi mwaka ule shirika moja la umma likaanza kuunda timu ya ngumi. Walitaka mtu mmoja kwa kila uzito, na mtu huyo wangemwajiri: apeleke barua, alinde stoo, kazi yoyote, mradi apigane kwa jina la shirika. Kwa uzito wetu walikuwa wamebakiza klabu mbili, yetu na moja ya Temeke. Kila klabu itoe mtu wake, wapigane Idi Pili alasiri, ofisa utumishi awepo, na atakayeshinda aende Jumatatu kujaza fomu.

Mwalimu alitutangazia habari hiyo mwanzoni mwa Ramadhani. Nilimwangalia mwenzangu. Alikuwa anafungua kitambaa cha mkononi, akaacha kukifungua.

Mimi kazi ile sikuihitaji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na duka la baba. Nilichotaka ni kuingia ulingoni Idi Pili, mtaa mzima umevaa nguo mpya, wanione. Hiyo tu.

*

Nilifunga mwezi wote. Hapo sikudanganya. Lakini niliifanya funga kuwa kazi mbili. Nilijiambia kwamba kufunga ni mazoezi tosha: mwili unakauka, tumbo linaingia ndani, mafuta yote yanakwisha. Dukani kulikuwa na mizani ya kupimia magunia ya kahawa, nami nikawa napanda juu yake kila siku baada ya adhuhuri.

"Unajiuza?" baba aliniuliza. "Mnunuzi nani?"

Kilo zilipungua. Wiki ya pili nilikuwa nimefika uzito wetu, wiki ya tatu nikawa chini yake. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati la mama nikaona mbavu, nikaona misuli ya tumbo niliyokuwa sijawahi kuiona, nikaridhika. Mwalimu aliponiona alinishika mkono juu ya kiwiko. "Umekauka kama ng'onda," alisema, akafurahi. Sote wawili tulidhani mtu mkavu ni mtu mwenye nguvu. Tangu alfajiri mpaka magharibi nilikuwa nalala au nimekaa kwenye kaunta. Jioni nilifuturu vizuri, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, tambi, kisha nikaenda barazani kucheza karata.

Mwenzangu alianza kunipitia alfajiri. Alikuwa anagonga dirisha langu wakati watu wanatoka msikitini.

"Sheikh, amka. Jua bado. Tukimbie mpaka Posta tu, turudi."

"Nimefunga, ndugu yangu. Nitashikwa na kiu mchana kutwa."

"Wenzako wa bandarini wamefunga na wanabeba magunia ya saruji."

"Wamezoea hao."

"Walizoea wapi, tumboni mwa mama?" alisema, akacheka, akaenda zake. Nilisikia miguu yake bapa ikipiga lami mpaka mwisho wa mtaa. Alikuja hivyo siku tatu. Siku ya nne hakugonga, ila nilisikia miguu ikipunguza mwendo chini ya dirisha, kisha ikaongeza.

Wiki ya mwisho ya mfungo, alasiri moja ukumbi ukiwa mtupu, nilijaribu kupiga gunia raundi tatu kwa saa ya ukutani, kama vile kweli. Mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu, kabla mshale haujafika nusu, mikono iligoma kupanda. Niliinama nikashika magoti. Koo liliniuma kana kwamba nimemeza mchanga, na miguu ilitetemeka peke yake. Nilikaa chini kwenye mbao hadi moyo ukatulia, nikajiambia ni njaa. Moyoni nilijua si njaa, kwa sababu hali hiyo ilikuwa imenipata hata kabla ya Ramadhani, ila siku hizo nilikuwa naishia raundi ya pili mwenyewe kwa mzaha, nikivua glavu na kusema nimechoka kuonea watu.

Siku mbili baadaye mwalimu akatuita. Alisema ataamua nani aende Idi Pili kwa kutupiganisha mimi na mwenzangu, raundi tatu, alasiri ileile.

Nilisema, "Mwalimu, nimefunga. Tupige mbili."

Mwenzangu alisema, "Basi tungoje afuturu. Akishakula na kunywa, apumzike, tupige tatu. Mimi nitamngoja hata kama ni saa ngapi."

"Baada ya futari kuna tarawehe," nilisema.

Wenzangu wa klabuni, nusu yao walijua tarawehe yangu ilikuwa ya karata. Hakuna aliyecheka. Jambo la dini halichekwi mbele ya Mkristo, na mwenzangu ndiye aliyekuwa na heshima kuliko sote. Aliposikia neno tarawehe aliinamisha kichwa.

"Haya," alisema mwalimu. "Raundi mbili, kwa heshima ya funga yake."

Zilikuwa raundi mbili nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nayasema haya bila furaha. Mwenzangu alikuja mbele, mimi sikuwepo. Aligeuka, mkono wangu wa kushoto ulikwisha fika. Sidhani kama alinigusa mara tano. Mwishoni mwa ya pili nilianza kusikia ule mchanga kooni, na kengele ikalia. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupata joto. Alisimama katikati ya ulingo ameinua mikono, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtu aliyeketi barazani, akimwangalia mwalimu.

"Mwalimu, ya tatu," alisema taratibu.

"Tulikubaliana mbili," nilisema mimi.

Mwalimu akatangaza kwamba nitakwenda mimi.

*

Idi Pili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watoto wa Kariakoo walikuja na kanzu zao mpya, wanawake walikaa upande mmoja, na ofisa utumishi wa lile shirika aliwekwa mbele kwenye kiti chenye mto. Bondia wa Temeke alikuwa kijana mfupi, mnene wa shingo, asiye na uzuri wowote. Nilimtazama akiruka kamba nikasema nitammaliza.

Mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye kona yangu. Hakuombwa, aliwahi kufika, akachota maji kwenye ndoo, akaosha sifongo, akatundika taulo begani.

Raundi ya kwanza sitaieleza. Waliokuwepo waliizungumza miaka mingi, na mimi niliisikia ikizungumzwa hata na watu ambao hawakuwepo. Nilimpiga yule wa Temeke kila mahali, ofisa akasimama, watoto wakaniita kwa jina la duka letu. Niliporudi kwenye kona nikakuta mwenzangu hacheki.

"Kaka, usicheze," aliniambia sikioni. "Unawachezea watu. Mpige, mshike, mlalie, upumzike. Pumua puani."

"Huoni nilivyompiga?"

"Nimeona. Yeye hajachoka. Wewe umechoka."

Raundi ya pili nilimpiga tena, ila dakika ya mwisho nilirudi nyuma nikaegemea kamba. Yule wa Temeke alinifuata, hana haraka, kama mtu anayejua gari halijaondoka. Katika raundi ya tatu mkono wangu wa kushoto uliona kila kitu lakini haukufika popote. Hilo ndilo lililonishangaza. Macho hayakuchoka. Nilikuwa naiona ngumi inakuja, nikajua inapotoka na inapokwenda, na nikangojea inifikie. Nilipigwa ngumi ambazo mtoto angezikwepa.

"Mshihiri, kahawa imepoa!" mtu alipiga kelele dirishani, na ukumbi mzima ukacheka. Na wa mtaani kwetu walicheka pia.

Sikuanguka. Nilimkumbatia yule bwana mpaka kengele, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha. Refa akauinua mkono wake.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti. Mwenzangu alinifungua kamba za glavu, akanifuta uso, akanipa maji, akaninyang'anya kikombe nilipokunywa kwa pupa. Alipomaliza alikaa juu ya rundo la viti.

"Ile ya tatu ndiyo yangu, kaka," alisema. "Siku zote ya tatu ndiyo yangu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza. "Ulikuwa unajua kwamba hutaiweza?"

"Sikujua," nilisema. "Ni Ramadhani. Imenimaliza."

"Pole," alisema, akachukua ndoo akaenda kumwaga maji.

Kama ningemjibu kweli alasiri ile pengine nisingeandika haya. Lile jibu la uongo ndilo lililozaa kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

*

Wiki tatu au nne baada ya Idi alikuja dukani. Baba alikuwa amekwenda kuswali. Mwenzangu alisimama nje ya kaunta, pale wanaposimama wateja.

"Kaka, nakuomba kitu. Mgambo wamekuwa wengi. Mwombe mzee aniandikie barua kwamba mimi ni kuli wa duka lake. Sitaki mshahara. Magunia yake nitambebea. Nataka barua tu, niitie mfukoni."

"Nitamwambia," nilisema.

"Leo?"

"Leo hii."

Sikumwambia. Nilipanga kumwambia jioni, nikaahirisha. Kesho yake nikaahirisha tena. Si kwamba nilisahau. Kila nilipomkumbuka nilikumbuka pia alivyokaa juu ya vile viti akiniuliza, na nikafikiri kwamba akipata barua ile atakuwa dukani kwetu kila siku, mbele yangu, na mdomo wake umefungwa, anapumua kwa pua. Klabuni nilikuwa nimeacha kwenda. Alipita mara mbili kuuliza. Mara ya kwanza nilisema mzee anaumwa, mara ya pili nilimwona kutoka ndani nikajificha nyuma ya magunia.

Nilizisikia habari kwa muuza maji. Msako ulipita asubuhi upande wa Mnazi Mmoja. Mwenzangu alikuwa anakimbia, kama kawaida yake, kuelekea bandarini, na mgambo hawakumwelewa mtu anayekimbia saa ile. Muuza maji alisema angeweza kuwaacha wote mbali kama angetaka. Walipomwita alisimama.

"Mbona hakukimbia?" nilimwuliza.

"Alisema ana barua," alijibu muuza maji. "Alisema iko njiani, dukani kwenu. Wakamwambia aionyeshe."

Nilikwenda kwa baba palepale nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia? Barua ni mistari mitatu."

Akaiandika hapohapo, kwa mkono wake, akapiga mhuri wa duka. Niliipeleka kituoni, na huko nikaambiwa kwamba waliokamatwa asubuhi wamekwisha ondolewa kwa lori. Nilibaki na barua ile siku nyingi, kisha ikapotea tulipohama.

Baada ya hapo nilikimbia. Sikumwambia mtu sababu. Alfajiri nilitoka nyumbani, nikakatiza Mnazi Mmoja, nikafika Posta, nikarudi, kwa muda wa miezi minne hivi. Mwezi wa kwanza nilitapika mara mbili. Mwezi wa nne nilipiga gunia raundi tano bila kushika magoti. Nikajua basi kwamba ilikuwa ni jambo la miezi minne tu, ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya, na kwamba mwenzangu alinipa siku tatu za kulianza. Kisha nikapata kazi ya ukarani, nikaacha kukimbia, na mwili ukarudi ulikotoka.

Nilipofikisha miaka thelathini na kitu nilimtembelea mwalimu. Alikuwa bado mlinzi wa ule ukumbi, ambao sasa ulikuwa unafanyiwa mikutano na ngoma. Nilimpa shikamoo, tukakaa kwenye benchi. Nilimwambia kwamba siku ile ya raundi mbili nilijua sina ya tatu.

"Na mimi nilijua," alisema.

Nilimtazama.

"Miaka yote hiyo nimekaa na mabondia, nisijue pumzi ya mtu? Ulikuwa unasimama mdomo wazi kama kambale."

"Sasa kwa nini ulikubali, mwalimu?"

"Yule mwenzako nikimwangalia nilikuwa nachoka mimi. Kazi tupu. Wewe ulikuwa unapendeza. Nilitaka Temeke wakuone. Nikasema labda raundi mbili zitatosha, labda yule wa Temeke atalala mapema." Akatema mate pembeni. "Usije ukalibeba na la kwangu. Kila mtu abebe lake."

Nilimwambia nimekusudia kumwandikia mwenzangu, nimweleze. Sikutaka anijibu. Nilitaka tu ajue kwamba alipouliza alikuwa ameuliza swali la haki.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Utaituma wapi?"

"Kwao, kusini."

"Kusini wapi?"

Nilifikiri. Miaka mitatu mwenzangu alinifunga glavu. Alijua dirisha langu ni lipi, alijua mama anaumwa mguu, alijua baba anakwenda msikitini saa ngapi. Nilijaribu kukumbuka kama aliwahi kunitajia kijiji chao, kisha nikatambua kwamba sikuwahi kumwuliza.

"Nilidhani wewe unajua, mwalimu," nilisema.

"Mimi nilijua kilo zake," alisema mwalimu, akainuka kwenda kufunga madirisha.